Shule Anayoilinda Baba

Jumatatu, 4 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Naliandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo.

Kila siku nikitoka shule, naingia kwenye shule nyingine ambayo haipo.

Baba ndiye mlinzi wake. Mtaa mzima unaujua ule uzio wa mabati ya bluu, na mtaa mzima unajua nyuma yake hakuna kitu. Misingi, sakafu ya zege, nondo zilizosimama zikiliwa na kutu, na kontena lililokuwa ofisi ya mafundi. Madarasa kumi na mawili yalipaswa kuwa pale. Baraza la mji lilichimba, likamwaga zege, likapiga picha. Kisha wakaingia wakubwa wapya, wakasema mradi ni ghali mno, lazima tubane matumizi. Mafundi wakaondoka siku moja, hata ndoo hawakubeba. Huu ni mwezi wa ishirini na saba.

Saa nane mchana nagonga bati mara mbili. Baba anafungua mlango mdogo, anatazama kushoto, anatazama kulia, mimi huyo ndani. Ni marufuku. Asiye na barua ya baraza haruhusiwi kukanyaga pale. Lakini kontenani kuna ramani zote za jengo, na mimi nimezikariri. Nikivuka mstari huu niko koridoni. Nikiruka ukingo ule niko maabara. Na kona ya mashariki, penye kivuli cha kontena, ni maktaba: mita kumi na mbili kwa nane. Nakaa chini maktaba, nasoma mpaka saa kumi na moja. Shuleni kwetu maktaba ni kabati, na ufunguo wake aliondoka nao mwalimu aliyehamishwa mwaka juzi.

Jioni baba anajaza kitabu cha geti. Mwandiko mkubwa wa mtu aliyeishia darasa la tano. Hali shwari. Hakuna aliyeingia.

Kila siku anaandika hivyo. Kila siku niko mle! Baba yangu, aliyenichapa nikiwa na miaka saba kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari.

Basi. Nimesema.

Jumanne, 5 Machi

Fundi cherehani amenidaka njiani. Namwita shangazi ingawa si dada wa baba, ni heshima tu. Yeye ni katibu wa kamati ya wazazi na mimi ni mkono wake. Mwandiko wake wanasema kuku amepita akiwa na haraka, kwa hiyo tangu mwaka jana muhtasari wa vikao naandika mimi. Nakaa pembeni ya cherehani, sisemi neno, naandika. Kazi nzuri sana kwa mtu kama mimi.

Leo alikuwa na pini tatu mdomoni na bado aliongea. Eti Jumamosi ya tarehe kumi na sita diwani anafanya mkutano ukumbini. Ajenda: kuongeza mkataba wa kutunza eneo la shule kwa mwaka mmoja mwingine.

"Watunze nini? Nyasi?" Akatema pini. "Sisi tutaomba madarasa manne tu, juu ya zege lile lile. Lakini hatuna namba. Ukienda kwa wakubwa na kilio, wanakupa pole. Nenda na namba uone wanavyokutafutia kiti."

Nikatikisa kichwa kukubali kabla sijajua nimekubali nini.

"Kutosimamisha shule kumetugharimu kiasi gani, mwanangu? Hilo tu. Wewe si mpenzi wa makaratasi? Nitafutie."

Shuleni wananiita Kimya. Shangazi analijua jina hilo, akalitumia papo hapo. "Kimya kingi kina mshindo mkuu!"

Mimi sijasikia mshindo wowote.

Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu yuko darasa la kwanza. Wako mia moja na tisa, wanasomea koridoni kwa zamu ya mchana. Kitabu kimoja kwa watoto tisa. Wanakiweka sakafuni, wanakizunguka kama moto.

Jioni mama ametoka kazini (anafua mashuka hospitalini) na kipande cha boksi la sabuni. Akampa mdogo wangu: haya, nisomee. Mtoto akakipokea, akakigeuza kichwa chini miguu juu, akasoma. Bila kukwama! Mama akamgeuzia vizuri. Mtoto akakodoa macho, hajui hata herufi moja. Akakirudisha chini juu, akaendelea kusoma.

Tukamuuliza, unakaaga wapi kwenye duara? Akasema, upande wa juu wa kitabu, na rafiki yangu. Tangu mwezi wa kwanza.

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akaacha kucheka, akaenda kuanua nguo.

Nimeamua. Kesho naenda baraza la mji.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda.

Masjala ndipo mafaili yote yanapokaa. Chumba kirefu, kaunta ya mbao, feni inayozungusha joto. Karani ni mzee mwembamba mwenye sweta, kwenye joto lile! Nikasema ninachotaka. Akasema, sema tena. Nikasema tena. Akasema, mwanangu, unaongea na mimi au na kaunta?

Sheria yake hii hapa: kusoma faili la mradi ni haki ya kila mwananchi. Kunakili ni mpaka kibali. Kibali anatoa mkurugenzi. Mkurugenzi yuko safarini. Anarudi lini? Hajasema. Simu, kalamu na mkoba vinabaki mlangoni. Na kusoma ni kwa kusimama, viti ni vya wafanyakazi.

Sawa. Nikasimama nikasoma. Kurasa mbili, nikafumba macho, nikatoka mpaka kwenye ngazi, nikaandika kwenye daftari la hesabu. Nikarudi. Kurasa mbili tena. Nikatoka. Mara saba! Kukariri ndicho kitu pekee ninachokiweza duniani, na leo kimepata kazi.

Mara ya nane karani hakuinua macho kwenye magazeti yake. Akasema tu, zile ngazi zina vumbi, kuna kiti pale nje ya mlango. Mimi huko nje sioni, macho yangu mabovu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi masjala baada ya vipindi. Karani ameniuliza mbona leo nimechelewa.

Nimeipata! Siamini bado. Naandika ili niamini.

Kwanza fidia. Baraza lilivunja mkataba, kwa hiyo mkandarasi alilipwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Hiyo peke yake ni fedha nyingi kuliko zote. Kisha ramani. Zimelipiwa mara mbili: za shule hii, na za shule nyingine ya bei nafuu iliyotakiwa kuwa bondeni. Wakapima udongo kule, ukakutwa ni tope. Wakaacha. Kupima tope nako kumelipiwa. Kisha saruji: mifuko mia tatu na arobaini iliyobaki kontenani. Hiyo nimeihesabu mwenyewe. Imeganda, ukiigonga inalia kama jiwe.

Halafu uzio.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu nikidhani nimechoka. Nikathubutu kumuuliza karani. Akavua miwani. "Yale mabati ni ya kukodi, hukujua? Kila mwezi yanalipiwa." Kwa nini hawajayarudisha? Akanigeuzia ukurasa, akaweka kidole. Mkataba unasema uzio utarudishwa mradi utakapokamilika. Sasa mradi umefutwa. Hauwezi kukamilika. Haukamiliki, haurudishwi. Hakuna mtu aliyekosea hata mahali pamoja! Kila mwezi hati ya malipo inakuja, kila mwezi mtu anaangalia masharti, anakuta mradi haujakamilika, anasaini.

Karani alisema, "Mimi nimefaili hizo hati ishirini na saba. Nimezitoboa matundu vizuri kabisa." Hakuwa anatania. Au alikuwa. Uso wake haukusema.

Mamilioni hayanisaidii, yananiteleza kichwani. Nimefanya hivi: kwenye makabrasha ya kontenani kuna bei ya darasa moja, kuanzia msingi mpaka bati la juu, pamoja na madawati. Nikagawanya kila kitu kwa hiyo bei.

Fidia: madarasa sita. Ramani na kupima tope: darasa moja na nusu. Saruji: nusu darasa. Uzio: madarasa mawili na nusu.

Kumi na nusu.

Shule nzima ilikuwa madarasa kumi na mawili.

Kuna mstari mmoja sijauandika. Uko kwenye faili lile lile, baada ya uzio. Ulinzi wa eneo. Nimeukariri kama mingine. Mkono umekataa.

Jumatano, 13 Machi

Leo nilikwenda msalani nikaacha karatasi juu ya kreti, pale maktaba. Niliporudi baba alikuwa amechuchumaa, anasoma. Anasoma kwa kidole, midomo ikitembea. Sikuweza kumnyang'anya. Nikasimama koridoni, yaani mahali pa korido.

Alisoma mpaka mwisho. Akarudi juu. Akasoma tena.

"Kuna mstari umekosekana," akasema.

Nikajifanya sijaelewa.

"Fidia nimeiona. Mabati nimeyaona. Saruji ipo. Mimi niko wapi?"

"Baba, wewe si gharama."

"Nani kakwambia? Umemuuliza mama yako?" Alisubiri nicheke. Sikucheka. "Nimekaa kwenye kile kiti miezi ishirini na saba, nalinda nyasi zisitoroke. Kuna mtu ananilipa. Hela hiyo haijatoka mfukoni mwa mama yake. Andika."

Nikamwambia nikiandika, watu watauliza. Mkataba wa kutunza eneo usipoongezwa, uzio unaondoka. Uzio ukiondoka, hakuna cha kulinda.

"Najua. Nilianza kulinda kabla hujaanza kuhesabu."

Nikatoa kalamu. Akaniangalia nikigawanya. Ulinzi wa eneo: nusu darasa. Jumla: madarasa kumi na moja.

"Nusu darasa!" Akasimama, akajipangusa suruali. "Na watu walisema sikusoma." Kisha akafikiri kidogo. "Hiyo ni ile kampuni inayopokea. Kinachonifikia mimi ni dirisha. Tena bila kioo."

Hapo nikacheka, na machozi yakatoka hapo hapo, sijui yaliomba ruhusa kwa nani.

Akaniambia jambo moja zaidi, akiwa ameshanipa mgongo. "Ukiulizwa kitu Jumamosi, usinidanganyie. Mimi nimekudanganyia vya kutosha kwenye kile kitabu."

Alhamisi, 14 Machi

Mama amejua. Baba kamwambia mwenyewe, asubuhi, wakati anafunga kitenge.

"Kwa hiyo mwezi ujao tutakula madarasa?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Baba akasema kazi zipo. Mama akasema, zipo wapi, nionyeshe kwa kidole. Baba hakuonyesha. Mama akaniangalia mimi. "Na wewe, mtoto usiyeweza kuomba chumvi kwa jirani, leo umejua kuongea na baraza?"

Ni kweli, chumvi siwezi kuomba.

Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 15 Machi

Mama amerudi, akapiga pasi shati la baba. Akapiga na sare yangu. Akamaliza, akaiweka pasi chini, akauambia ukuta: "Mimi nafua mashuka ya watu wasionijua hata jina, na bado tunaishi. Kola hiyo usiikunje."

Jumamosi, 16 Machi

Naandika kwa mpangilio. Nisipopanga nitaanza na mwisho.

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki viliisha, watu wakakaa madirishani. Diwani alikuwa mezani mbele na chupa ya maji. Baba alisimama nyuma kabisa na sare yake ya kazi juu ya shati lililopigwa pasi, kwa sababu mchana alikuwa zamu. Mama aliketi katikati, amempakata mdogo wangu.

Mpango ulikuwa hivi: shangazi anasoma karatasi, mimi nakaa pembeni naandika muhtasari. Mpango mzuri kuliko yote duniani.

Diwani aliongea kwanza. Eneo ni mali ya umma, lazima litunzwe, mkataba uongezwe mwaka mmoja, wenye maswali wawe wafupi. Shangazi akasimama. Alivaa miwani yake ya kutungia sindano. Akasoma fidia. Minong'ono. Akasoma ramani na tope. Mtu akapiga mluzi. Alipofika kwenye uzio, "mpaka mradi utakapokamilika", mzee mmoja wa dirishani akalalamika kwa sauti: "Jamani! Ningejua ningewakodisha mlango wangu!" Ukumbi ukaanguka kwa vicheko. Shangazi akangoja watulie kama anavyongoja pasi ipate moto. Kisha akasoma ulinzi, akasoma jumla.

"Shule ilifutwa kwa sababu madarasa kumi na mawili ni ghali. Kutoyajenga kumetugharimu kumi na moja."

Hakuna aliyecheka.

Diwani akaomba karatasi. Si mjinga yule, nataka niwe mkweli hapa. Aliisoma yote, taratibu, na uso wake ulibadilika mahali pa uzio. Sidhani alikuwa anajua. Lakini alipoinua kichwa alikuwa ameshapata pa kushika.

"Namba za masjala sina ugomvi nazo," akasema. "Ila hii mifuko mia tatu na arobaini. Na hii bei ya darasa moja, ambayo ndiyo mmegawanyia kila kitu. Haviko masjala. Viko ndani ya kontena, ndani ya uzio. Na kitabu cha geti nimekipitia mwenyewe juzi. Miezi ishirini na saba, hakuna aliyeingia. Sasa nisaidieni. Ama kitabu kinasema uongo, ama karatasi hii imetungwa."

Watu wakageuka kututazama.

Shangazi akanitupia jicho — kaa! — akasema wazazi tuna macho, tulichungulia kwenye matundu ya mabati.

"Mkaona na mifuko iliyo kontenani? Mkaihesabu?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. Na safari hii walikuwa wanatucheka sisi. Niliona karatasi inakufa. Iko mkononi mwa diwani, namba zote sahihi, na inakufa kwa sababu ya tundu la bati ambalo halipo.

Nikasimama. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kalamu ilianguka na nikafikiri, niiokote kwanza. Sikuiokota.

"Kitabu," nikasema.

"Sauti, binti."

"Kitabu ndicho kinasema uongo. Mimi naingia. Kila siku ya shule, saa nane mpaka saa kumi na moja. Saruji nimehesabu mimi. Karatasi nimeandika mimi."

Nilitaka kuongeza maneno mengine, nilikuwa nimeyapanga moyoni, yakatoweka. Diwani akauliza, na nani anakufungulia?

Sikuhitaji kujibu. Huko nyuma baba alikuwa amevua kofia.

"Kitabu ni changu, mheshimiwa. Mwandiko ni wangu. Huyo ni binti yangu, alikuwa anasoma."

"Anasoma! Mle ndani?"

"Ndiyo. Si mlisema ni shule?"

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Nadhani ndiyo sababu diwani alifungua chupa, akanywa maji.

Mwishowe hakuna aliyeshinda. Mkataba haukuongezwa leo. Haukukataliwa pia. Baraza litamtuma mhandisi apime lile zege, kisha litaamua: madarasa manne, au eneo lipigwe mnada na fedha zizibe hasara. Mnada! Neno hilo lilitoka mwisho kabisa, wakati watu wanakusanya viti.

Nje shangazi alinikumbatia mpaka nikachomwa na pini. Mama hakunikumbatia. Alinikabidhi mdogo wangu mgongoni, akasema mbebe, nimechoka kumpakata.

Jumapili, 17 Machi

Nimelala mchana kutwa kama mgonjwa.

Jumatatu, 18 Machi

Barua ya baba imekuja, kutoka kampuni ya ulinzi. Amekiuka masharti, ameingiza mtu asiyeruhusiwa, ameandika taarifa zisizo za kweli. Siku yake ya mwisho ni tarehe thelathini na moja. Akabidhi funguo, sare, tochi na kitabu.

Nilimsomea mimi. Alitaka kuisoma mwenyewe, akafika mstari wa pili, akanipa.

Nikamwambia nisamehe. Akauliza, kwa kosa gani, wewe ndiye umeandika kitabu? Nikasema ningekaa kimya. "Ungekaa kimya, barua isingekuja. Kweli." Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Nimeyalinda yale mabati zaidi ya miaka miwili. Hayajawahi hata kunisalimia."

Baadaye nilimwona uani, amekaa, hafanyi kitu chochote. Baba huwa daima anafanya kitu. Usiseme haikuuma. Imeuma.

Shuleni watu wawili wameniita Mshindo.

Jumatano, 20 Machi

Shangazi amezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya saini, ombi la madarasa manne. Ana mia mbili na kumi. Mimi nimeyaandika upya majina yasiyosomeka. Baadhi ya watu wamekataa: wanasema eneo likiuzwa mji utapata hela, barabara itazibwa mashimo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi kasema atanunua yeye, aweke mchanga na kokoto.

Mhandisi anakuja kesho saa tisa.

Alhamisi, 21 Machi

Sikugonga bati leo. Lango kubwa lilikuwa wazi, mara ya kwanza tangu mafundi waondoke. Baba amesimama pembeni yake na kitabu mkononi, anaandika kila anayeingia. Mhandisi. Dereva wake. Shangazi. Diwani, aliyefika kwa miguu. Mwenye duka la ujenzi naye, eti anapita tu. Nilipofika mimi baba akaniuliza jina langu! Kazi ni kazi, akasema. Nikamtajia. Akaliandika, na saa.

Mhandisi ni mwanamke, kijana, ana buti zenye tope la mahali pengine. Aligonga zege kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akagonga tena. Alichunguza nondo moja moja. Akasema zile za upande wa barabara zimeoza, za upande wa pili zinaweza kusafishwa. Shangazi akauliza, kwa hiyo yanafaa, madarasa manne? Mwenye duka akauliza hapo hapo, na bei ya kiwanja itakuwaje?

"Sijui," akasema. "Mimi napima. Vipimo ni hivyo hivyo, mkijenga au mkiuza. Barazani wataamua wao Jumatatu."

Diwani alikuwa anausoma ule uzio, bati kwa bati.

Kisha mhandisi akaanza kulalamika. Msaidizi wake hakuja, dereva ana simu sikioni, na upepo unaipeperusha futi ndefu ya kupimia. Anahitaji mtu ashike upande wa pili. Akaangalia watu waliosimama. Mwenye duka akatazama viatu vyake. Shangazi akasema goti lake ni bovu.

Nilikuwa nimeegemea kontena. Nikaweka mkoba chini, nikaenda.

Akanipa upande wa kusoma namba. Yeye akachuchumaa kwenye kona ya mashariki, akabana sifuri kwa kidole gumba. Mimi nikatembea kinyumenyume na futi, nikaipitisha juu ya ule ukingo, mpaka ukuta wa maktaba ulipopaswa kuwa. Tulikuwa mbali. Upepo ulikuwa mkali. Watu wote waliacha kuongea wakanitazama.

"Haya, soma," akasema.

Nikainama, nikahakikisha, nikasoma. Mita kumi na mbili.

"Sikusikii!"

Nikanyooka. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti mpaka geti likasikia: mita kumi na mbili, kamili. Akaandika. Akasogea kona inayofuata, akasema njoo upande huu. Nikaenda upande huo.